Mkanda wa Mashine ya Manda

Mwezi uliopita mashine yangu ya kufulia ilikata mkanda. Nikaita fundi, bwana mmoja mpole mwenye begi lililojaa spana. Akailaza mashine ubavu, akautoa ule mkanda uliokatika, akaunyoosha sakafuni na kuanza kuupima kwa futi. Sijui nini kilinipata. Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga, lakini nilimfikia kabla hajaandika namba.

"Usipime huo!"

"Mama, sasa nipime upi, na ndio uliokuwemo?"

"Pima njia ambayo mkanda hupita. Huo umeshavutika, utakudanganya mchana kweupe."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Niliyasoma usoni mwake: huyu mama kayajulia wapi haya? Kesho yake akarudi na mkanda mpya, akaufungua karatasi, na harufu ya mpira mpya ikajaa ukumbi mzima. Nikajikuta nimekaa kitako kwenye ngazi, machozi yananitoka, na yule bwana wa watu anahangaika kuniuliza kama ni bei iliyonishtua.

Si bei. Ngoja niwasimulie nyinyi, maana yeye nilimwacha aende zake bila jibu la maana.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Kwetu ni Matondoni, kisiwa cha Amu, nyinyi mwakiita Lamu. Ukiitaja Matondoni watu hukutajia mafundi wa vyombo vya baharini, na ni kweli, lakini wanawake wa kwetu ni wasukaji, na hodari wao alikuwa Bibi yangu, mamake Baba. Kwa asiyejua, ukili ni ule utepe mrefu uliosukwa kwa miyaa, yale majani makavu yaliyochanwa. Ukizishona kili ubavu kwa ubavu ndipo unapopata mkeka. Bibi alisuka akiwa amekaa, alisuka akiwa amesimama, alisuka akienda kuhani msiba, na alisuka akiwa juu ya punda. Angeweza kukugombeza, kukulisha na kukusomea dua kwa pamoja, na ukili unarefuka tu mapajani mwake wala hautazami.

Baba yeye hakujenga vyombo. Alifanya kazi Manda, kisiwa cha ng'ambo ya pili, kwenye hoteli moja ndogo yenye uwanja mpana kutoka gatini mpaka vyumbani kwa wageni. Mvua ya masika ikishanyesha, nyasi za uwanja ule zilifika magotini, na ndani yake nyoka walitembea kama kwao. Kazi ya Baba ilikuwa kuzikata kwa mashine ya kukaa juu. Usifikirie ile ya kusukuma. Hii ilikuwa na kiti, usukani na magurudumu manne, trekta hasa, ila ndogo. Ilikuwa nzee. Rangi yake nyekundu ilishageuka ya maini, na kiti kilitiwa kiraka cha gunia. Wanaume wa kijijini walimtania Baba kwamba ndiye mtu wa pekee Matondoni anayelipwa kwa kukaa kitako. Baba alicheka nao. Alikuwa akiipenda mashine ile, anaipangusa chumvi kila jioni kama anayemwogesha mtoto.

Na hapo ndipo palipokuwa na ugomvi wangu na yeye mashine. Baba alilala Manda tangu Jumamosi. Alikuja nyumbani Alhamisi alasiri, akaswali Ijumaa na sisi, na Jumamosi alfajiri keshaondoka. Siku mbili kwa wiki! Nyumbani tulikuwa mimi, Mama, Bibi na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa mtoto wa baba, sikufichi. Asipokuwepo Baba, chakula kilinishinda kumeza. Na akilini mwangu mwizi alikuwa mmoja tu: ile mashine. Niliamini kwa dhati kwamba ingekufa, Baba asingekuwa na sababu ya kulala Manda.

Siku moja chuoni, madrasa yetu, Maalim akatufundisha kwamba dua ya kati ya adhana na ikama, ule wito wa kusimama kuswali, hairudishwi. Wenzangu waliandika kwenye vibao vyao wakaendelea na yao. Mimi nilitoka pale nimeshika silaha. Alasiri ile ile nikakaa ukumbini, nikangoja muadhini amalize, nikafunua viganja: "Yaa Rabbi, ivunje mashine ya Manda, Baba aje akae na sisi. Amina." Nikarudia siku sita, nisije nikaonekana sina nia.

Alhamisi iliyofuata Baba akaja na uso uliosawijika. Alipoweka mfuko wake chini, akatoa kitu cheusi kilichochanika, kirefu kama nyoka aliyekanyagwa na punda.

"Mkanda umekatika," akamwambia Mama. "Ule wa kuendesha magurudumu. Mashine yanguruma, haiendi popote."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaruka ruka peke yangu. Furaha yangu ilidumu mpaka baada ya Isha, pale niliposikia kilichobaki. Hoteli ilikuwa na wageni wa harusi wanaokuja baada ya wiki nne. Meneja alikuwa amemwambia Baba wazi: uwanja ukiwa haujakatwa wiki moja kabla yao, ataleta kampuni kutoka Mombasa yenye mashine zake na watu wake, na Baba hatahitajika tena. Na kama hatahitajika, Baba akasema, itabidi aende Mombasa kwa binamu yake anayepakua magunia kwenye maghala. Atakuja nyumbani Idi kwa Idi.

Idi kwa Idi! Nikahesabu kwa vidole. Badala ya kumleta karibu, nilikuwa nimemwombea aende mbali kushinda Manda. Nililala nimejifunika shuka gubigubi na joto lile.

Basi ukaanza msako. Mngedhani mkanda ni mkanda, unakwenda dukani unanunua. Wapi! Namba zilizochapwa mgongoni mwa ule wa zamani zilikuwa zimesuguliwa zikaisha. Kibao cha waliotengeneza mashine kilikuwa kimeliwa na kutu. Mwenye duka la vipuri vya injini pale mjini Amu akamwambia Baba mashine za aina ile hazitengenezwi tena, ila mkanda wa kufaa waweza kupatikana Mombasa, mradi aseme upana na urefu. Baba akaulaza mkanda uliokatika juu ya meza ya duka, ncha kwa ncha, ukapimwa. Siku nne baadaye ukaja mpya kwa basi, umefungwa karatasi ya kaki. Baba akavuka nao mpaka Manda. Ulikuwa mrefu. Ulining'inia kwenye puli, yale magurudumu yenye mfereji unamokaa mkanda, mashine ikanguruma na kukaa pale pale. Mkanda wa zamani ulikuwa umevutika kwa miaka, nao ukapimwa kwa uzee wake.

Baba akaona hiyo njia si njia. Mara ya pili akachukua mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni, akauzungusha kwenye puli zote, akaukaza vizuri, akaukata pale ncha zilipokutana. Ukapelekwa dukani, ukapimwa, likaja furushi jingine la kaki. Huu sasa ulikuwa mfupi. Baba na wenzake wawili walivuta mpaka wakachubuka vidole, haukuingia. Alhamisi ile alipokuja nyumbani alikuwa na plasta mikononi, na zimebaki siku saba tu kabla ya siku ya meneja. Hakula. Alikaa barazani akitazama ukuta wa jirani, na mimi nikamtazama yeye kupitia upenyo wa mlango.

Sikuweza tena. Nikamwendea Bibi, aliyekuwa uani anasuka, nikajitupa mapajani mwake juu ya ukili wake, kosa ambalo siku nyingine lingenitia makofi.

"Bibi, ni mimi niliyeivunja mashine ya Baba."

Vidole vyake vikasimama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuviona vimesimama mchana. "Weye? Umefika lini Manda?"

Nikamweleza yote: Maalim, adhana, ikama, siku sita. Nililia mpaka kamasi zikachanganyika na miyaa. Nikamwambia nimejaribu kuomba dua ya kuifuta ile nyingine na haifutiki. Bibi akanisikiliza, kisha akanifuta uso kwa ncha ya leso yake.

"Sikiza, Mwana. Mwenyezi Mungu hana kazi ya kukata mikanda ya watu. Mkanda umekufa kwa uzee, kama nitakavyokufa mimi. Weye umeomba babako aye nyumbani. Hilo ndilo lililosikika. Ndia ya kumleta, muatie Mwenyewe, si kazi yako." Akaokota ukili wake. "Na sasa inuka, umeniharibia kazi. Kesho baada ya Ijumaa twenda Manda, nikaitazame hiyo mashine."

"Kwani Bibi wajua mashine?"

"Sijui mashine. Najua kupima."

Baba hakumkatalia mamake, ingawa niliona hakuwa na tumaini. Ijumaa baada ya swala tukapanda punda mpaka Amu, Bibi mbele anasuka, mimi nyuma nimemshika kiuno, Baba anatembea ubavuni. Tukavuka kwa boti ya hoteli. Wafanyakazi waliokuwa kwenye boti wakamuuliza Bibi anakwenda kufanya nini na mzigo wa miyaa. Akawajibu anakwenda kutandika mkeka chini ya trekta, wakacheka mpaka gatini.

Mashine ilikuwa chini ya banda la makuti, imenyanyuliwa ubavu kwa matofali. Bibi akavua viatu, akapiga magoti kwa taabu, akaangalia chini yake kwa muda mrefu. Palikuwa na puli tatu: moja chini ya injini, moja kubwa nyuma, na ndogo katikati yenye springi ya kukaza.

"Athmani," akamwita Baba, "mkanda wakaa wapi ndani ya puli? Wafika tini kabisa?"

"Haufiki, Mama. Hubana ubavuni, karibu na juu."

"Na mshipi wako, mwembamba vile, ulikaa wapi?"

Baba akainama akatazama mwenyewe. "Tini," akasema, akionyesha chini ya mfereji.

"Mshipi umelala tini, mkanda wapita yuu, na weye wataka vilingane! Halafu nailoni ukiikaza yavutika, ukiikata yajirudi. Mato umeyaweka wapi, mwanangu?" Lakini alisema kwa upole, na Baba akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Naona hata leo jinsi Bibi alivyofanya kazi ile. Akachukua kipande cha mkanda wa zamani, akakibana kati ya vidole kupata upana na unene. Kisha akaanza kusuka ukili mwembamba, ambao hakuna mkeka duniani ungeutaka, akaukunja mara mbili na kuukandamiza kwa kucha mpaka ukawa mnene sawasawa na kile kipande. Mimi nilimchania miyaa. Kila baada ya shibiri moja aliutia kwenye puli kuona unakaa wapi. Ukizama alifumua, akasuka mnene zaidi. Ukili mzuri hauvutiki, ndiyo maana mkeka wa kwetu huozea mahali pake na umbo lake lile lile.

Ulipotimia, hakuna mtu mzima aliyeweza kupenyeza mkono mpaka puli ya nyuma bila kufungua nusu ya mashine, kama Baba alivyofanya mara mbili zilizopita. Bibi akanitazama mimi.

Nililala chali kwenye vumbi. Nilikuwa na hakika mashine inanijua. Nilitaja jina la Mungu kila nilipogusa chuma. Nikaupitisha ukili nyuma ya puli kubwa, nikaurudisha mbele, Baba akaishika ile puli ndogo katikati ya mwendo wake, haijalegea wala haijakazwa mno, na Bibi akazishona ncha mbili kwa sindano ya mikeka. Kisha Baba akaizungusha puli ya injini kwa mkono, polepole. Pete ya ukili ikazunguka nayo, ikaenda nyuma, ikarudi, haikuteleza wala kuchomoka. Wale wafanyakazi wakapiga makofi. Bibi akasema miguu imemfa ganzi, wamwinue.

Pete ile ikatiwa kwenye mfuko, ikapelekwa Amu, na ikapanda basi la Mombasa siku ya pili yake. Siku nne tulizongoja sitaki kuzikumbuka. Hata Bibi alikosea ukili akafumua. Siku ya tano likaja furushi la kaki, na ndani yake mkanda mpya, pete yetu, na karatasi ndogo iliyoandikwa na mwenye duka wa Mombasa: "Aliyesuka kipimo hiki aje afanye kazi kwangu." Bibi aliposomewa akasema, mwambieni nitakwenda akiniletea punda.

Siku moja tu kabla ya ile ya meneja, nikaomba ruhusa chuoni nikapelekwa Manda kushuhudia. Baba akaifungua mashine, akautia mkanda. Uliingia kwa kubanwa kidogo, kama inavyotakiwa. Akakaa kwenye kile kiti cha kiraka, akasema Bismillahi, akawasha, akaachia kanyagio. Na mashine ikaenda. Wallahi ikaenda! Nilikimbia nyuma yake uwanja mzima, moshi wa petroli, nyasi mbichi zilizokatwa na ule mpira mpya vinanijaa puani, nalia na kucheka. Baba alikata mpaka magharibi, na kesho yake akamaliza. Kampuni ya Mombasa haikuja.

Na hapa ndipo panaponichekesha mwenyewe. Tangu wiki ile Baba akaanza kurudi nyumbani kila jioni. Kila jioni! Tunakula pamoja, ananisikiliza nikidurusu, ananifunga nywele vibaya na Mama anazifungua. Mimi sikuhitaji kuelezwa. Mkanda mpya ulikuwa na mbio kuliko ule wa zamani, kwa hiyo Baba anamaliza nyasi mapema anapata muda wa kurudi. Jambo liko wazi. Niliwahadithia chuo kizima kwamba Bibi yangu kasuka mkanda uliomleta Baba nyumbani, na mwaka baada ya mwaka sikuwahi kulitia shaka. Bibi alipofariki, nililia nikisema hivyo hivyo, na waliokuwepo wakanihurumia.

Nilikuwa nimeshamaliza shule, nimekaa uani na Mama, yeye juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia, katika kupiga soga tu, kwamba sijaona mkanda wenye baraka kama ule, kuharakisha mashine kiasi kile.

Mama akaacha kukuna. "Kuharakisha? Mashine haikwenda mbio hata siku moja. Nani kakwambia?"

"Sasa Baba alirudije kila siku?"

Akanitazama kuona kama namtania. Kisha akaniambia. Ile Ijumaa ya ukili, kabla hatujavuka kurudi, Bibi alimvuta Baba pembeni akampa habari za dua yangu. Mashine ilipopona, meneja alimwita akamsifu, akampa cheo cha usimamizi wa wafanyakazi wote, chumba chake mwenyewe pale pale Manda, na mshahara wa kumfaa. Baba akashukuru, akasema hataki. Akaomba kitu kimoja: nafasi kwenye boti ya jioni inayorudisha wapishi Amu, na ya alfajiri inayowachukua. Kutoka Amu mpaka Matondoni atajua mwenyewe na punda wake. Meneja alidhani anaumwa. Cheo akapewa mtu mwingine.

"Miaka kumi na mmoja," Mama akasema, "akiamka kabla ya adhana ya kwanza apande punda gizani. Mvua, baridi ya kusi, yeye yuko ndiani. Weye ulimwona akirudi tu. Alipoondoka ulikuwa umelala."

Nilikumbuka zile jioni zote nilizozihesabu kuwa kazi ya mkanda, na asubuhi ambazo sikuwahi hata kuuliza. Nikainuka, nikamwacha Mama na nazi zake.

Baba alikuwa barazani anashona kiatu chake. Nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Baba, kwa nini hukuniambia kwamba ulikiacha cheo kwa ajili yangu?"

Hakuuliza nimeambiwa na nani. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Kwani wewe uliniomba mimi? Ulimwomba Mungu. Sasa mimi nije nidai shukrani za kazi niliyotumwa?"

Nikaushika mkono wake nikaubusu, nikamwambia ahsante, Baba. Akaunyakua kwa haya, akajifanya anatafuta sindano. Nikaushika tena, nikamwambia tena. Safari hii akaniachia.